Nguchiro Amsindikiza Bwana Jela

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na jela kama sisi, palikuwa na Nyati aliyeitwa Bwana Mbaruku. Sogeeni, wanangu, maana habari hii kila nikiisimulia nashika kichwa.

Bwana Mbaruku alikuwa mkuu wa jela. Shingo nene, sauti nene, na kiunoni bunda la funguo lililolia cheke-cheke-cheke kila alipopita. Maisha yake yote hakuwahi kupoteza mfungwa, na jambo hilo alilitaja mpaka mkewe akachoka kulisikia.

Siku moja akaletewa Nguchiro, Bi Siwema. Kadogo, mkia mrefu, macho yanametameta. Askari walikuwa wamemzunguka wengi hata mwenyewe haonekani.

"Ndiye huyu?" akauliza Bwana Mbaruku. "Huyu? Si atalala ndani ya kiatu changu!"

"Ndiye," akasema Liwali Tembo, mtawala wa mji. "Huyu ndiye aliyeiba ngoma kuu ya mji huku inapigwa. Wapigaji walikuja kushtuka wanapiga hewa! Ndiye aliyenivua kilemba nikiwa barazani nahutubia, na mimi nikaendelea kuhutubia. Jela zote za ng'ambo ya mto zimemshindwa. Na sheria yangu unaijua, Mbaruku."

Aliijua. Nani asiyeijua? Mwenye kumwacha mfungwa akatoka, awe nani, ataingia yeye kifungoni badala yake.

Bwana Mbaruku akazishika funguo zake. Harusi ya binti yake wa pekee, Mwanamize, ilikuwa karibu, mara tu baada ya sikukuu. Baba asiyekuwapo kumwozesha binti yake ataiweka wapi sura yake? Akaapa: huyu hatoki. Akafunga selo kwa mkono wake mwenyewe, kacha!

Asubuhi yake akaenda kumkagua. Akafungua kufuli, akasukuma mlango, puu!

"We!" ikatoka sauti kali ndani. "Nani huyo anaingia kwa mtu bila hodi?"

Bwana Mbaruku akasimama. "Bi Siwema, hii ni jela."

"Ni jela, sikatai. Lakini humu nalala mimi. Mama yako ndivyo alivyokulea, uvamie chumba cha mwanamke?"

Sasa, Bwana Mbaruku alikuwa amelelewa vizuri sana. Masikio yakamwaka moto. Akarudi nje, akauvuta mlango, akagonga ngo, ngo, ngo.

"Hodi!"

"Hodi, hodi! Karibu, Bwana Mbaruku! Pita ndani, kaa hapo kwenye mkeka. Utatuwia radhi, nyumba yenyewe ndiyo hii."

Kumbe keshafagia! Blanketi kalikunja, mkeka kaunyosha, na uji wake wa asubuhi hakuugusa, amemwekea mgeni. Bwana Mbaruku angekataaje? Akanywa. Bi Siwema akamuuliza hali ya mkewe, hali ya Mwanamize, na hali ya magoti yake. Magoti! Ilikuwa zamani mno tangu mtu amuulize Bwana Mbaruku habari za magoti yake.

Alipoinuka, Bi Siwema naye akainuka.

"Wapi wewe?"

"Nakusindikiza."

"Mfungwa hasindikizi!"

"Basi mgeni wangu aondoke peke yake, kama nimemfukuza?" Macho yakamjaa machozi. "Hata mpaka mlangoni, Bwana Mbaruku?"

"Haya, mlangoni tu."

Ikawa mlangoni tu kweli. Bi Siwema akaaga, akarudi ndani mwenyewe, akauvuta mlango. Bwana Mbaruku akaanza kuondoka akiwaza magoti yake.

"Bwana Mbaruku!" ikamfuata sauti. "Umesahau kufunga!"

Mnasikia, wanangu? Mfungwa anamkumbusha bwana jela kufunga!

Kesho yake akamsindikiza mpaka mwisho wa ujia. Siku nyingine mpaka uani. Siku nyingine tena mpaka chini ya lango kuu. Na kila mara Bwana Mbaruku alisema, "Basi, Bi Siwema, inatosha. Rudi." Naye alirudi, tu-tu-tu-tu, mpaka seloni, na kumwita askari wa zamu: "Fisi, mwanangu, njoo unifungie, upepo unaingia!"

Fisi alicheka mpaka akashika mbavu. Kiboko, askari wa lango kuu, akazoea kuwaona wakiagana, akawa anawapisha.

Sikukuu ikafika. Bwana Mbaruku akaletewa kikapu cha pilau kutoka nyumbani, na akaona si uungwana kula peke yake. Akapiga hodi. Wakala, wakacheka, wakapanga harusi yote: nani akae wapi, kuku wangapi, bwana harusi avae joho la rangi gani. Ulipofika wakati wa kuondoka, Bi Siwema akakishika kikapu.

"Mgeni habebi," akasema.

Wakatoka. Fisi akawapisha. Wakapita uani. Kiboko akafungua lango, akapiga saluti. Na maneno yalikuwa matamu, ya kina mama watakaopika na vigelegele vitakavyopigwa, hata wakajikuta kwenye njia panda, karibu kabisa na nyumbani kwa Bwana Mbaruku.

"Basi, Bi Siwema, inatosha," akasema Bwana Mbaruku kama kawaida yake. "Rudi."

"Haya, Bwana Mbaruku. Kikapu chako hiki. Nisalimie wote."

Akageuka. Bwana Mbaruku akaingia kwake akiimba puani.

Mkewe alikuwa dirishani. "Baba Mwanamize, yule mama mdogo uliyekuwa ukiagana naye pale, mbona hukumkaribisha ndani?"

"Mama gani?"

"Yule mwenye mkia mrefu."

Kikapu kikaanguka, pu!

Gidi-gidi-gidi-gidi! Ardhi ikatetemeka. Bwana Mbaruku akafika langoni ulimi nje.

"Kiboko! Bi Siwema karudi?"

"Karudi? Si mmetoka wote, mkuu? Nimewapigia na saluti."

"Kwa nini hukumzuia?"

Kiboko akamtazama kama aliyetukanwa. "Nimzuie mtu anayesindikiza mgeni? Mkuu, mimi nina wazazi."

Likapigwa baragumu. Liwali Tembo akaja na baraza zima. Wakagonga kuta, wakang'oa sakafu, wakapanda darini.

"Tundu liko wapi?" Liwali akanguruma.

"Hakuna tundu, Liwali."

"Kufuli limevunjwa?"

"Zima, Liwali."

"Sasa kapita wapi? Kageuka moshi?"

Bwana Mbaruku akapiga magoti, yale yale magoti. "Kapita mlangoni. Alinisindikiza."

Hata Fisi hakucheka. Baraza zima liligeuka kuutazama ule mlango, mlango wa kawaida tu, kama linauona mara ya kwanza. Liwali akakaa chini polepole.

"Hakukupiga? Hakukulewesha?"

"Alinibebea kikapu."

"Lahaula!" akasema Liwali. Kisha akajikohoza, kwa kuwa sheria ni sheria, na Bwana Mbaruku akatiwa selo ile ile. Kacha!

Humo ndani alilia kwa ajili ya Mwanamize. Lakini machozi yalipokauka akatazama sakafu iliyofagiwa na mkeka ulionyooshwa, mwili ukamsisimka. Kila siku Bi Siwema alikuwa akitoka mbele ya macho yao, na kurudi kwake ndiko kulikokuwa kutoka kwenyewe. Jela nzima ilifundishwa naye njia ya kumfungulia, na kila mmoja alifundishika kwa furaha. Bwana Mbaruku alitaka kumchukia, akashindwa. Alimstaajabia mpaka akasahau njaa.

Siku ya harusi, asubuhi, akasikia ngo, ngo, ngo.

"Hodi humu!"

Alikuwa Liwali Tembo, amekuja kumhoji. Naye Liwali alikuwa amelelewa vizuri.

"Karibu, Liwali! Pita, kaa kwenye mkeka. Uji huu hapa, sijaugusa."

Liwali akanywa. Akauliza hili na lile kuhusu Bi Siwema, kisha akaanza yeye kuhadithia jinsi kilemba kilivyomtoka barazani asijue, na mwisho wote wawili wakawa wanapiga makofi kwa mshangao. Hatimaye Liwali akainuka.

Bwana Mbaruku naye akainuka. Hakupanga, naapa hakupanga. Ni miguu tu na malezi yake.

Walipofika ujiani, ndipo akili ikamwamkia. Moyo ukaanza, ndu! ndu! ndu! Akamkumbuka Bi Siwema, mdogo vile, akipita hapa hapa bila hata unyoya kutikisika. Akajikaza.

"Ehe, Liwali, na kile kilemba kilikuwa cha hariri?"

"Hariri tupu! Ngoja nikueleze..."

Fisi akawapisha. Kiboko akafungua, akapiga saluti. Liwali alieleza habari ya kilemba chake mpaka njia panda.

"Basi, Mbaruku, inatosha. Rudi."

"Haya, Liwali. Wasalimie nyumbani."

Liwali akaenda zake. Bwana Mbaruku akasimama. Kulia, jela. Kushoto, nyumba yake, na vigelegele vinatoka madirishani. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, akashika njia ya kushoto.

Liwali alikuwa ameketi mezani kwake, mkono uko njiani kuelekea mdomoni, aliposhtuka. Akafumbua kinywa aite askari. Kisha akaikumbuka sheria yake. Mwenye kumwacha mfungwa akatoka, awe nani! Fisi na Kiboko nao huko jela walikwisha kuikumbuka, wakawa wanatazamana tu. Liwali akafumba kinywa.

Jioni alikuja harusini na zawadi, akakaa mbele, akala pilau, wala hakuitaja jela. Bwana Mbaruku alimwozesha binti yake kwa sauti ile nene, iliyotetemeka kidogo.

Mara, kutoka nyuma ya kilima, ikasikika ngoma. Du! Du! Du! Si ngoma yoyote, bali ngoma kuu ya mji, ile iliyoibiwa huku inapigwa, sasa inampigia bibi harusi. Watu wote mwili ukawasisimka. Wakamgeukia Liwali.

Liwali Tembo akashusha kijiko chake.

"Upepo," akasema.

Hadithi yangu nimeifikisha mlangoni, wanangu, na funzo lake ni hili: mtu akikupokea vizuri mshukuru, lakini ukiondoka mtazame anayetoka pamoja nawe.