Pindo la Kanga Ndani ya Mfupa wa Tembo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmefunga kula? Chakula kipo jikoni, kitaiva tu. Paukwa tena!

Pakawa!

Ehe, hapo sasa. Hapo zamani za kale, zamani zile ambazo mifupa ilikuwa nyumba, palikuwa na Tembo. Na ndani ya mfupa wa paja la Tembo palikuwa na mji wa mchwa. Mchwa wadogo, wadogo kuliko vumbi la unga. Msiniulize waliingiaje, maana mimi nilipouliza nilifinywa sikio. Wala hawakumla Tembo. Wao ndio waliokuwa damu yake.

Humo mfupani, kwenye uboho laini, aliishi Bi Mwanakheri, mlezi wa mji. Kazi yake ilikuwa kukaa. Alikaa, akalea. Hakutoka nje hata siku moja. Watoto walizaliwa hawana rangi, hawana kazi, wanalala tu, kila mmoja ameshika pindo la kanga ya mlezi wao. Naye akiwaimbia:

Lala, lala, shika pindo,
zamu yako ingali njiani.

Wakubwa waliokuwa wakitoka na kurudi walipita mlangoni pake. Bi Mwanakheri akawanusa. Akinusa uchovu, anajua huko nje pumzi imepungua. Akinusa woga, anajua adui ameingia. Basi huchagua mtoto mmoja, akamdondoshea tone mdomoni kutoka kimoja cha vibuyu vyake. To! Tone la harufu ya kutu, mtoto akawa mwekundu, mchukuzi wa pumzi. To! Tone la pilipili manga, mtoto akawa mweupe, askari. To! Tone la ulimbo, mtoto akawa fundi wa kuziba nyufa. Na waliobaki akawapa tone la asumini, wakaendelea kulala. Bi Mwanakheri hakuwa msemaji. Maneno yake yalikuwa matone. Waliosoma siku hizi wanayaita protini. Sisi tuyaite matone, ndivyo tulivyoyakuta.

Kisha alimfungua mtoto vidole, kimoja kimoja, kutoka kwenye pindo. "Nenda, mwanangu." Mtoto akaenda, mbiombio, mpaka kwenye mto mwekundu. Wengi hawakurudi. Lakini Bi Mwanakheri aliwakumbuka wote kwa namna walivyoshika. Huyu alishika kwa dole gumba. Yule alishika kwa meno, mtundu yule! Akipata nafasi alipapasa pindo, akagusa pale palipolegea, akatabasamu huku machozi yanamlenga.

Siku moja Tembo akakanyaga mwiba wa mgunga. Chwa! Maadui wakaingia. Bi Mwanakheri akanusa, akadondosha pilipili. Askari wakatoka, wengi tu.

Lakini Jemadari Makeke hakuridhika. Akaja mfupani, taya mbele, kifua mbele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Za huko?"

"Vita, Bibi. Nataka askari."

"Nimekwisha kukupa."

"Hawatoshi! Na hawa hapa wanafanya nini?"

"Wanalala."

"Sisi tunakufa, wao wanalala?"

"Ndiyo kazi yao. Hawa ni wa kesho na kesho kutwa."

Makeke akacheka. "Bibi, umekaa humu mpaka umeota kuvu. Hubebi, hupigani, huzibi ufa. Unadondosha mate tu!"

Neno hilo lilimchoma Bi Mwanakheri. Alikuwa hajalisikia tangu azaliwe, na kulisikia kwa mtoto wa pindo lake mwenyewe kulimmaliza nguvu. Kabla hajajibu, Makeke amekwisha kunyakua kibuyu cha pilipili. Akaivuta kanga. Praaa! Watoto wakaanguka, wakaamka, wakalia. To! To! To! To! Pilipili huyu, pilipili yule, pilipili wote. Mji mzima ukawa mweupe. Bi Mwanakheri akabaki pembeni, bega wazi, amefumbata kipande cha pindo kilichochanika.

Askari wakatoka, gwaride! Maadui wakaliwa, kwisha. Makeke akapiga vigelegele. Jemadari mzima na vigelegele!

Lakini mchukuzi wa pumzi naye huzeeka. Wachukuzi wakachoka, wakafa, na wa kushika zamu yao hayupo. Tembo akaanza kuhema. Hee! Hee! Magoti yakamtetemeka. Jeraha la mwiba likafumuka, fundi wa kuziba hakuna, damu ikatoka, tii, tii, tii. Na askari, kwa kukosa adui, wakaanza kuumana wenyewe. Tembo akalala chini. Mji mzima ukainama upande mmoja.

Makeke akarudi mfupani anakimbia.

"Bibi, Tembo anakufa! Dondosha!"

"Nimdondoshee nani?"

Makeke akatazama huku, akatazama huku. Uboho mtupu. Akashika kibuyu cha kutu akanywa yeye. Gudu, gudu. Akangoja awe mwekundu. Wapi! Akanywa ulimbo. Taya zikagandana, mm, mm, mm! Mnacheka? Yeye hakucheka.

Bi Mwanakheri akasogea, akamfuta ulimbo kwa ncha ya kile kipande cha kanga, taya zikaachana. "Ukishakuwa askari, mwanangu, huwezi tena kugeuka kitu kingine."

Makeke akanusa. Pua ilikuwa imekutana na pindo. Asumini. Kuukuu, hafifu, lakini asumini.

"Harufu hii naijua," akasema.

"Uache kuijua? Wewe ulishika pindo hili kuliko wenzako wote. Siku ya kukutoa nilifungua vidole, ukashika. Nikafungua, ukashika tena. Nikasema, huyu akimkamata adui hatamwachia. Ndipo nikakupa pilipili."

Makeke alilia. Alilia kama mtoto, na taya zake kubwa zikagongana. "Nilikuwa nimesahau, Bibi. Nimesahau kabisa kuwa nami niliwahi kulala."

Bi Mwanakheri akamtazama sana. "Nikikuonyesha kitu, utakigusa?"

"Sitakigusa."

Akafumbua kiganja. Ndani ya kile kipande kilichochanika alikuwamo mtoto mmoja. Amelala. Hakuachia pindo hata kanga ilipochanika.

"Mpe kutu, Bibi! Upesi!"

"Nikimpa kutu atakuwa mchukuzi mmoja, basi. Kwanza alale, apate kujigawa."

Akamdondoshea asumini. Huko nje Tembo akaguna, mfupa ukatikisika. Makeke akauma ulimi, akangoja. Bi Mwanakheri akaanza kuimba, sauti ikamkauka. Sauti nyingine ikadakia, nzito, ya kwaruzo:

Lala, lala, shika pindo,
zamu yako ingali njiani.

Alikuwa Makeke. Maneno yote anayo.

Mtoto akajinyoosha, akawa wawili. Mmoja akaendelea kulala, na yule wa pili akapewa tone. To! Mwekundu. Yule wa kwanza akajinyoosha tena, wawili tena. To! Fundi. Wakatoka, mbiombio. Ufa ukazibwa. Pumzi ikafika. Tembo akapiga chafya, akasimama, dunia ikakaa sawa.

Mji ukajaa tena vilio vya watoto. Bi Mwanakheri akashona pindo. Makeke akawa wa kuondoka, maana ukingo wa mto ulihitaji mlinzi, naye alikuwa amezeeka, hiyo ndiyo zamu yake ya mwisho.

"Kwaheri, Bibi."

"Kwaheri, mwanangu."

Lakini hakwenda. Akatazama chini. Mkono wake ulikuwa kwenye pindo.

"Bibi," akasema, "nifungue."

Bi Mwanakheri akamfungua vidole, kimoja kimoja. Safari hii hakushika tena.

Hakurudi. Na mpaka leo, ukienda humo mfupani, utamkuta Bi Mwanakheri anaimba, na katikati ya wimbo hunyamaza kidogo, akapapasa mahali pamoja palipolegea.

Funzo lake ni hili, wakubwa na wadogo: anayekaa akalea anafanya kazi kama anayepigana. Na hata siku ya hatari, usiwaamshe wote.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye pindo lililoshonwa. Chakula kimeiva. Wanawisheni wadogo kwanza.