Landrova ya Mzee Semvua Si Machela

Mzee Semvua wa Mwanga alikuwa na Landrova kuukuu ambayo hakumwazima mtu. Alhamisi moja Nakijwa, fundi wake, alimaliza kuibadilisha oili, kisha akamwomba gari Jumamosi ampeleke mama yake harusini Korogwe, maana mguu wa mama haukuweza tena basi.

"Gari langu si machela," alisema Mzee, akaondoka.

Ijumaa alirudi amefura. Mshale wa spidi ulikuwa umelala kwenye sifuri, na mnunuzi wa gari alikuwa anakuja Jumatatu.

Nakijwa aliingia uvunguni, akatoka akitikisa kichwa.

"Ugonjwa huu hauonekani gari likiwa limesimama, mzee wangu. Linataka barabara ndefu yenye mawe ya kilomita, nilinganishe."

"Shika ya Korogwe."

"Na uzito kwenye kiti cha abiria."

"Weka gunia la mahindi."

"Gunia litaniambia mshale ukitikisika? Mimi macho yangu yatakuwa barabarani."

"Basi pakia mtu!"

"Nani atakubali kushinda garini Jumamosi nzima?"

"Hata mama yako! Si anashinda amekaa tu?"

"Mama ana mguu mbaya."

"Nimesema mpakie!"

"Haya, mzee. Umeamuru wewe."

Jumapili Landrova ilirudi, mshale ukicheza vizuri. Mama alishuka polepole, akamkabidhi Mzee bakuli la pilau.

"Ilikuwa nini?" Mzee aliuliza huku akitafuna.

"Nati moja tu ya waya wa spidi, chini ya giaboksi. Ilikuwa imefunguka."

Nakijwa hakusema kwamba aliifungua mwenyewe Alhamisi, kabla hajaomba gari.