Muhogo Huu Uitwe Nani?

Sogeeni. Mwenye masikio akae mbele, mwenye mdomo tu akae kule nyuma.

Uwandani kwetu kulikuwa na watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Somoe, mjane asiye na mtoto, alijua kunyima. Halfani alijua kuamua asigeuke nyuma. Sekunda, bibi shamba aliyetoka Songea, alijua kuyaona yasiyoonekana.

Sasa, huku kwetu mbegu ya muhogo hainyimwi. Mtu akiomba, unamkatia miti, unamfungia mzigo na salamu juu. Somoe hakutoa wala hakupokea. "Mbegu ya marehemu mama haichanganywi," alisema. Basi tukamwita mchoyo, na mumewe alipofariki, matangani walikaa watu wa kuhesabika.

Ukaja ugonjwa wa michirizi kahawia. Juu majani yanapendeza. Ukichimba, muhogo umeoza ndani. Sekunda akatueleza.

"Ni kirusi. Hakili, hakipumui, hakina miguu. Ni agizo tu lililovaa koti. Peke yake hakiwezi kitu. Lakini kikiingia kwenye seli, vile vichumba vidogo vinavyojenga mmea, kinaiamuru seli itengeneze virusi vingine."

"Kama hakina miguu, kimetufikiaje sote?" aliuliza Halfani.

"Mmekibeba wenyewe. Kila mzigo wa mbegu mliopeana."

Lahaula! Ukarimu wetu wote ule!

"Mmea ukifa, nacho kimekwisha?"

"Kimekwisha. Ila ukibaki hata mmoja hai, inzi weupe watakitoa hapo wakipeleke kwenye mbegu mpya."

Halfani hakuuliza tena. Aling'oa shamba zima, akalichoma, na sisi tukaona haya, tukamfuata. Mkewe akamwambia, "Watoto watakula majivu?" Akawachukua wanawe, akaenda kwao. Hajarudi mpaka leo.

Sekunda naye akaenda kwa Somoe, akapima miti yake, akaikuta safi. Akapiga magoti. "Shikamoo mama. Naomba mbegu." Somoe akalia, maana ilikuwa zamani tangu mtu amwite mama. "Chukua, mwanangu," akasema.

Sekunda akaipanda mbali na mashamba ya zamani. Kila asubuhi alikagua mche kwa mche, akaung'oa alioushuku. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akala peke yake, kwa sababu watu walinong'ona kwamba mgeni huyu ndiye anayeiloga mihogo.

Haya, mbegu ile ikazaa, tukagawiwa sote, na leo tunakula tena. Na desturi yetu ni hii: mbegu mpya hupewa jina la aliyeileta, jina moja tu, nalo hudumu. Kikao kikaitwa.

"Sina mtoto," alisema Somoe. "Nikifa, nani atanitaja?"

"Mama, bila moto wangu mbegu yako ingeoza kama zetu," alisema Halfani. "Nyumba yangu imebaki kuta. Wanangu wakilisikia jina langu huko waliko, watajua baba yao hakuwa mwehu."

Sekunda aliinamisha kichwa. "Mimi nahamishwa. Nimeishi hapa, hakuna aliyenikaribisha hata ugali. Niachieni jina tu, nijue kwamba nilifika."

Nani wa kumwambia mwenzake hapana? Mpaka sasa wamekaa pale kikaoni, kila mtu na mkeka wake, wanatutazama.

Haya, wewe unayetafuna! Kesho ukishika jembe, utasema unakwenda kumchimba nani?