Gari Lililoogopa Jiko

Mzee Shekue, tajiri wa mtaa, aliegesha gari lake kuukuu mbele ya jiko la Bi Chausiku, na kila alipoliwasha, moshi ulifunika vitumbua na kufukuza wateja.

"Hama wewe," Mzee alimwambia Bi Chausiku alipolalamika.

Siku moja starta ilizunguka, injini ikakataa kuwaka.

"Betri nzima, mafuta yapo," Mzee alilalama.

"Basi linaogopa jiko langu, baba. Lisukume mpaka kwako."

Alilisukuma, jasho likimtiririka. Langoni kwa Mzee, Bi Chausiku, aliyemfuata, aliinama nyuma ya gari, akalinong'oneza.

"Washa sasa."

Likanguruma. Mzee hakuliegesha tena pale.

Jioni ya siku hiyo Bi Chausiku alimpelekea muhogo wa kuchoma.

"Mtamu, ila unanuka dizeli," Mzee alisema.

Bi Chausiku hakumwambia kwamba muhogo huo ulishinda umeziba bomba la moshi la gari lake.