Sauti ya Shako Redioni

Hapo zamani, na msidhani ni zamani za kale, maana petroli ilinuka vilevile, kulikuwa na timu ya mashindano ya magari upande wa Taita. Kiwanja ni cha udongo, cha mviringo, kimeinuka kuelekea ukuta wa nje, na magari huzunguka mizunguko mia yakisuguana ubavu. Mwenye timu, Mama Wakesho, alikuwa akilea madereva watatu chipukizi: Mkawasi, Shako na Mnjala. Walipokezana kazi. Mmoja anaendesha, mmoja anakaza nati za gari, mmoja anapanda juu ya paa la jukwaa la watazamaji na redio awe macho ya dereva, kwa sababu ukishafungwa mikanda mle ndani, huoni ubavuni wala nyuma.

Nafasi katika gari kubwa la timu ilikuwa moja tu. Kila mmoja angejaribiwa kwa shindano moja, na wawili wangerudi makwao. Shako alikwisha kushindana, akawa wa nne. Sasa ni asubuhi ya Mkawasi, na alasiri ingekuwa zamu ya Mnjala. Shako yuko paani.

Mkawasi aliogopa, jamani. Mwendo hakuuogopa, aliogopa sauti ya Shako. Nikianguka leo, alijiambia, huyu anabaki mbele yangu, na nani atamlaumu?

Kabla ya kuanza, Mnjala akaona ufa kwenye chuma cha usukani. Akiba haikuwepo. Akaenda akafungua kile cha gari lake mwenyewe, akamfungia mwenzake, na gari lake likabaki juu ya mawe, maana kukirudisha kabla ya alasiri kusingewezekana.

Mzunguko wa tisini na mbili, gari la mbele likabiruka. Vumbi likafunika kila kitu. Mkawasi hakuona hata boneti yake. Mguu wake ulitaka breki, mwili mzima ulitaka breki. Redioni Shako akasema, taratibu kama mtu anayeagiza chai:

"Usiguse breki, dada. Panda juu, ushike ukuta. Usiache mafuta."

Ukuta! Huyu ananiua, Mkawasi aliwaza. Roho mkononi, akafumba macho, akapanda. Chini yake akasikia magari yakiangukiana, moja, mawili, matatu. Alipofumbua macho, njia ilikuwa wazi. Akamaliza wa tatu, akashuka akatapika mbele za watu.

Jioni Mama Wakesho akawaita. Mnjala akasema bila chuma chake usukani ungekatika pale pale ukutani, na yeye hakupata hata mzunguko mmoja.

Shako akasema, "Ningenyamaza kidogo tu, nafasi ingekuwa yangu. Hakuna ambaye angejua."

Mkawasi akamgeukia. "Nilijua unaitaka nafasi hii," akamwambia, "na nikakutii hivyo hivyo. Aliyekuwa mle ndani ni mimi."

Habari ya kufumba macho hakuitaja. Mnaijua nyinyi, Mama Wakesho haijui.

Amesimama na ufunguo mmoja, na wote watatu wanamtazama mkono. Haya, semeni nyinyi mlionyamaza: ampe nani?