Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Waliotutangulia walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Maana yake ni kwamba kitu hakiji peke yake; huja na jamaa zake, na anayekikaribisha kitu huku akiwafungia jamaa zake mlango hukosa vyote viwili. Anayedhani wazee wale walikuwa wakizungumzia mboga tu, na aulize mtaa wa Saio, hapa Bunia, habari za nyumba ya Papa Anaclet Vahwere.

Papa Anaclet alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa asili ya Butembo, mwenye mwili mpana kama kabati na moyo mwepesi kuwaka kama kiberiti. Siku moja alikwenda Mombasa kufuata mzigo wake bandarini. Mzigo ulichelewa, naye akawa hana kazi ila kuketi jioni kwenye ukuta wa ufukweni, akitazama majumba yenye roshani yaliyoelekeza nyuso zake majini kama maharusi wanaopigwa picha. Aliporudi, vitambaa vilifika vizima, lakini kichwa chake kilikuwa kimebaki kule.

"Bunia inakosa nini?" alimwuliza mkewe, Mama Hortense. "Maji iko. Lakini siye wote tunaipa mugongo."

Hilo lilikuwa kweli. Kijito kinachopita chini ya Saio kilikuwa kikiona migongo tu: vyoo, migomba na mabanda ya nguruwe. Papa Anaclet akaapa kukionyesha uso. Alimwita fundi Laurent, akamwagiza nyumba ya ghorofa yenye nguzo nyeupe, madirisha ya duara kama ya meli, roshani ndefu, na ngazi pana za mawe zinazoshuka hadi ndani ya maji. Mlango mkubwa ukaelekea kijitoni. Barabara ikapewa ukuta mtupu. Fundi alipouliza wageni wataingilia wapi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufika Saio kwa meli, alijibiwa kwamba watazunguka.

Mtaa mzima ukashikwa na udadisi kama homa. Wengine walidai linajengwa kanisa la ubatizo wa kuzamisha. Wengine, bwawa la kufugia mamba. Mwendesha pikipiki mmoja aliapa kwamba alisikia honi ya meli ikitoka chini ya msingi, na waliomcheka mchana walionekana jioni wakitega masikio palepale.

Kijito kilikuwa chembamba, basi Papa Anaclet akakizuia kwa mawe na magunia ya udongo, mpaka maji yakatanda mbele ya ngazi, yametulia kama kioo. Hapo ndipo kosa lake lilipozaliwa. Maji yaliyotulia, yenye ngazi pana, karibu na jiko: akina mama wa Saio hawakuhitaji kualikwa. Mama Solange, jirani yake wa miaka mingi, alikuwa wa kwanza kuteremka na gunia la mihogo ya kulowekwa. Waliomfuata walikuja na mabeseni ya nguo, watoto wa kuogeshwa na bata. Waendesha pikipiki nao wakaleta matope yao yote. Mihogo ikachacha, na harufu yake ikapanda ngazi ikaingia kwa mlango mkubwa bila kupiga hodi. Hata vyura, inasemekana, walihama kutoka kijiji cha mbali cha Bogoro kwa miguu.

Papa Anaclet angeweza kuvumilia, kama si jambo moja. Binti yake Nadège alikuwa amechumbiwa na Prudent, kijana wa watu wa ziwani, upande wa Mahagi, na ukoo wa Prudent ulikuwa njiani kuja kuzungumza mahari. Nadège alimpenda kijana huyo kama mboni ya jicho. Baba yake naye aliapa kwamba watu wa ziwa hawatamdharau mtu wa Bunia kwa kukosa ufuo. Akazungushia maji yake mabati pande zote mbili, akaweka mlinzi, akawafukuza watu, bata na mihogo.

"Papa Anaclet," Mama Solange alimwambia akijitwika beseni lake, "ungechora tu maji ku ukuta. Ya kuchora haiiti watu."

Wageni walifika wamevaa vizuri, wakiongozwa na Muzee Philippe, baba mkubwa wa Prudent: mvuvi tangu utotoni, mfupi, mwenye maswali mengi kuliko meno. Aligonga kila nguzo asikie kama ndani ni tupu. Alichungulia dirisha la duara kwa nje, kisha akaingia akalichungulia kwa ndani. Papa Anaclet akavimba kama andazi kwenye mafuta.

Kisha mzee akashuka ngazi. Katika ukoo wake, mgeni wa mahari hunawa kwanza miguu katika maji ya mwenyeji, ndipo neno lifunguliwe. Akavua kiatu kimoja, akatazama kulia akaona mabati, akatazama kushoto akaona mabati. Akauliza wanawake wanachotea wapi. Mwenyeji akajibu kwa fahari kwamba hakuna anayeyagusa maji haya. Akauliza watoto wanaogelea wapi, na bata je? Alipoambiwa wote walifukuzwa, mzee alirudisha mguu wake kiatuni taratibu.

"Bokilo," alisema, akimwita kwa jina la ukwe, "kwetu ku ziwa, maji inakaaka na watu. Maji yenye watu waliikimbia, tunaulizaka kwanza nani alifia mule."

Papa Anaclet alicheka peke yake. Akaeleza habari za usafi, za Mombasa, za majumba yanayotazama maji. Na kadiri alivyoeleza, ndivyo wageni walivyozidi kusogea mbali na ngazi. Shangazi mmoja akanong'ona habari za bwawa la kwao lililomeza mbuzi likarudisha kamba. Mwishowe wakasema kwa adabu kwamba watarudi siku nyingine, na kila mtu anajua siku nyingine ya wakwe haina tarehe. Wakaanza kuizunguka nyumba wakitafuta barabara, kazi ambayo haikuwa rahisi, kwa kuwa nyumba yenyewe ilikuwa imeificha.

Kule roshanini Nadège alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili. "Papa, wanaenda," alisema.

Mama Hortense hakupandisha sauti. "Papa Nadège, chagula. Mabati ao mutoto."

Papa Anaclet alikimbia na viatu vyake vipya hadi kwa Mama Solange, aliyekuwa ameketi akimenya mihogo.

"Kumbe njia ya huku ungali unaijua," Mama Solange alisema bila kuinua macho.

"Mama Solange, nakuomba. Kuja uloweke mihogo."

"Si ulisema inanuka?"

Papa Anaclet akameza mate machungu kama shubiri. "Inanukia muzuri," alisema.

Mama Solange alimwacha atokwe jasho kidogo zaidi. Kisha, kwa ajili ya Nadège, ambaye alimbeba mgongoni akiwa mchanga, alisimama, akajitwika gunia la mihogo aliyokuwa ameiloweka nyumbani tangu juzi, akaita wenzake. Papa Anaclet aling'oa mabati kwa mikono yake mwenyewe, na watu wakamiminika kama siafu.

Wageni walikuwa ndiyo kwanza wanaliona gari lao, waliposikia vicheko, nguo zikipigwa kwenye mawe na bata wakigombana. Harufu ya mihogo ikawafikia puani. Muzee Philippe akasimama. Wenzake walimvuta mkono, lakini udadisi ulimvuta zaidi. Akarudi hadi ngazini, akamwuliza Mama Solange kama mihogo imeiva, akaminya kipande kimoja kwa vidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akakunja suruali, akaingia majini katikati ya bata.

"Sasa nyumba iko na sura," alisema.

Ukoo mzima ukavua viatu, na mazungumzo ya mahari yakafanyika palepale ngazini, yakikatizwa na povu la sabuni. Mama Solange, aliyekuwa na shuka zito la kukamua, alimtupia Papa Anaclet ncha moja bila kumwomba. Maji yalimchuruzika hadi viwikoni. Muzee Philippe alipomwuliza rasmi kama anamkubali Prudent kuwa mtoto wake, alijibu ndiyo huku mikono yote miwili ikiwa imeshika shuka la jirani. Kweli, ukipenda boga, penda na ua lake.