Nyumba ya Fisi Iliyopunguzwa Bei

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Pakawa jiwe, pakawa udongo!"

Na fundi je?

"Fundi kaenda kunywa uji!"

Basi mwiteni arudi, maana leo tunajenga.

Hapo kale alikuwako Fisi, mwenye nguvu nyingi na tamaa zaidi. Alipita nyumba kwa nyumba akiwanyang'anya wanyama karanga zao, mpaka akawa na vikapu ishirini, na wenzake wakabaki kulamba vidole. Sasa akataka nyumba ya kuviwekea. Akaenda kwa Pimbi, yule mdogo anayekaa majabalini, kwa sababu nani mwingine anajua mawe?

"Fundi, nipigie hesabu ya nyumba. Na ikija kuzidi hata punje moja, nakula wewe na watoto wako sita!"

Pimbi akageuka kutazama. Watoto wote sita walikuwa nyuma yake wakichungulia. Akaokota kijiti, akachora chini.

"Msingi, vikapu viwili. Kuta, vitatu. Paa, viwili. Dirisha, kimoja. Mlango, kimoja. Uji wa fundi, kimoja. Jumla vikapu kumi, tajiri wangu."

"Kumi! Unajenga mbingu? Punguza!"

Mnawajua matajiri wa kujenga. Hata ungemtajia kikapu kimoja, angesema punguza.

"Tupunguze kuta?"

"Kuta usiguse! Ziwe nene, wezi wengi siku hizi." Na mwizi mwenyewe ndiye huyo anayesema!

"Paa?"

"Mvua je? Acha paa."

"Uji wa fundi?"

"Kata!" Kwacha! Pimbi akafuta.

"Dirisha?"

"Dirisha si tundu tu? Kata!" Kwacha!

"Na... mlango, tajiri?"

"Mlango nao si tundu? Tundu halina kitu ndani yake. Nilipie kitu ambacho hakipo? Mimi si mjinga. Kata!"

Kwacha! Vikabaki vikapu saba. Pimbi alitaka kumweleza, wallahi alitaka. Akawatazama watoto wake, akaacha. Wakakanyaga tope pamoja, mguu wa Fisi na mguu wa Pimbi, huo ndio mkataba.

Siku ya kujenga, Fisi hakukaa kivulini. Alisimama katikati ya msingi, mikono kiunoni, ahesabu mawe fundi asiibe.

Jiwe, ti! Udongo, pwaa! Ukuta ukafika magotini.

"Tajiri, hutoki nje kidogo?"

"Nikitoka utaiba! Jenga!"

Jiwe, ti! Udongo, pwaa! Ukuta ukafika kifuani.

"Tajiri, hutoki nje kidogo?"

"Nikitoka utaiba! Jenga!"

Jiwe, ti! Udongo, pwaa! Ukuta ukapita masikio. Pimbi akapanda juu, akaezeka kwa mawe mapana, gubu! gubu! gubu! Kazi ikaisha, na udongo ukakauka.

"Fundi! Mbona giza?"

"Dirisha tulilikata, tajiri."

"Natokea wapi sasa?"

"Mlangoni."

"Uko wapi mlango?"

"Tuliukata."

Fisi akapiga kuta mateke, bu! bu! bu! Kuta nene, alizitaka mwenyewe.

"Pimbi, nakula wewe!"

"Karibu unile, tajiri, pitia hapo kwenye... ah, samahani."

Pimbi akacheka, akagaagaa majanini, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kisha akajifuta macho.

"Kutoboa ukuta ni kazi ya ziada, tajiri. Tundu la pua, vikapu vitatu. Tundu la kichwa, vinane. Tundu la Fisi mzima, kumi na vitatu."

"Kumi na vitatu! Ndivyo vyote vilivyobaki! Punguza!"

"Nipunguze nini? Mkia ubaki ndani?"

Fisi akalia, huu-huuu! "Chukua vyote!"

Vikapu ishirini, vyote vikiwa bado nje, vikarudi kwa wenyewe. Watoto sita wakapandishwa jabalini, juu kabisa. Ndipo Pimbi akatoboa ukuta, akabakiza jiwe moja.

"Hilo la mwisho husukumwa na mwenye nyumba, ndiyo desturi!" akasema, kisha huyooo, akakimbilia juu.

Fisi akasukuma, gubu! Akatoka na vumbi mpaka kwenye kope. Vikapu hakuna, fundi hakuna. Kila upande akasikia wanyama wanatafuna karanga, kachu, kachu, kachu.

Hadithi yangu imetua. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa na mchanga temeni.

Na funzo lake ni hili: fundi ni mtu mwaminifu, msimbishie, makadirio yake hayazidi kamwe. Mimi mwenyewe ni fundi, niulizeni. Nyumba hii ya baba yenu niliikadiria miezi mitatu, na huu ni mwaka wa sita tu.